Kutoka Mto Ruzizi Hadi Mita ya Nyumbani: Historia Fupi ya Bei ya Umeme Bugarama



Anayesimama katika uwanda wa Bugarama, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, huona mashamba ya mpunga yakitandaa kuelekea Mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto huiona Kongo. Burundi nayo iko jirani, kupita Mto Ruhwa. Hapa ndipo penye ardhi ya chini kuliko zote nchini, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Kivu, ambamo Ruzizi huchipukia, liko katika mita 1,460 hivi. Kati ya ziwa na uwanda, maji huporomoka karibu mita 500 ndani ya mabonde membamba. Mporomoko huo ndio mwanzo wa habari yetu, kwa sababu maji yanayoporomoka ni umeme unaongoja mtambo.

Katika nyumba nyingi za mji huu swali la mwezi ni moja: umeme tulionunua utatufikisha lini? Swali hilo huzaa la pili, ambalo mara nyingi huulizwa kwa hasira: je, hatuwezi kumwacha msambazaji huyu tukaenda kwa mwingine? Swali la pili haliwezi kujibiwa vyema na mtu asiyejua tulikotoka. Basi tuifuate historia kwanza, kisha turudi kwenye mita.

Umeme wa mto, nuru ya wachache

Kituo cha Ruzizi I kilijengwa Mururu, karibu na mahali mto unapotoka ziwani, kikaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wabelgiji ndio waliokuwa wakitawala Kongo na Ruanda-Urundi. Kaskazini mwa Rwanda, kati ya maziwa Burera na Ruhondo, kituo cha Ntaruka kilianza mwaka 1959. Umeme wa zama hizo ulikusudiwa miji, ofisi, migodi na viwanda. Mkulima aliyeishi chini ya nyaya hizo aliendelea kupika kwa kuni na kumulikiwa na koroboi.

Uhuru ulipofika, Kongo mwaka 1960, kisha Rwanda na Burundi mwaka 1962, mto uligeuka mpaka wa mataifa. Ruzizi I ilibaki mikononi mwa Kongo, na baadaye ikaendeshwa na shirika lake la taifa, SNEL. Rwanda ikawa mnunuzi wa umeme uliozalishwa na maji ya ziwa ambalo sehemu yake ni yake.

Mwaka 1976 yalitukia mambo mawili. Rwanda iliunda shirika la ELECTROGAZ, lililokabidhiwa umeme, maji na gesi, likishika nafasi ya REGIDESO iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Mwaka huohuo, mjini Gisenyi, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa kifupi CEPGL. Matunda ya jumuiya hiyo ni kampuni ya SINELAC, iliyoanzishwa mwaka 1983 ili kujenga na kuendesha kituo cha pili mtoni. Ruzizi II kilianza kuzalisha umeme mwaka 1989, na umeme wake ukawa wa kugawanywa kwa nchi tatu. Mataifa haya yamegombana mara nyingi tangu hapo, lakini mto haukuacha kuyafunga kwa waya mmoja.

Bugarama yenyewe ilipata kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984. Kiwanda cha namna hiyo hakisagi mawe bila umeme mwingi. Hivyo uwanda wa wakulima wa mpunga ukawa pia uwanda wa viwanda, na mji ukakua pamoja na biashara ya mpakani na lugha yake, Kiswahili, ambacho mwaka 2017 kilitungiwa sheria ya kukifanya lugha rasmi ya Rwanda.

Ukame uliofika kwenye mita

Mwaka 2004 Rwanda ilipata somo chungu. Kina cha maziwa Burera na Ruhondo kilishuka, na vituo vya Ntaruka na Mukungwa vinavyoyategemea vikazalisha umeme mchache. Mvua haba ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kinamasi cha Rugezi, kinacholilisha ziwa Burera, ambacho kilikuwa kimekaushwa na kulimwa mahali pengi. Mgao wa umeme ulianza, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Dizeli hutoka mbali: hupakuliwa katika bandari za Bahari ya Hindi na kusafirishwa barabarani zaidi ya kilomita elfu moja. Gharama hiyo ilimfikia mteja. Kati ya mwaka 2004 na 2006 bei ya kilowati-saa moja ilipanda kutoka faranga 42 hadi 112.

Tazameni mnyororo huo vizuri: jembe linalokausha kinamasi, ziwa linalopungua, jenereta inayokodiwa, mama anayezima taa mapema. Anayedhani kwamba bei ya umeme hutungwa ofisini tu hajauona mnyororo wote.

Bei haikurudi chini. Mwaka 2012 ilifika faranga 134, na mwaka 2015 ikafika 182 kwa matumizi ya nyumbani. Wakati huohuo idadi ya wateja iliongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana. Mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango mkubwa wa kusambaza umeme, takriban asilimia 6 tu ya kaya ndizo zilizokuwa zimeunganishwa. Mpango huo uliweka ada ya kuunganishwa ya faranga 56,000, iliyoweza kulipwa kidogo kidogo. Vyanzo vipya navyo vilijengwa: maporomoko ya Nyabarongo, gesi ya Ziwa Kivu kule Karongi, na hapa hapa wilayani Rusizi kituo cha Gishoma, kilichojengwa ili kichome udongo wa kinamasi ambao kwa Kinyarwanda huitwa nyiramugengeri.

Majina matano, mlango mmoja

Mzee wa Bugarama aliyezaliwa wakati wa ukoloni amepitiwa na majina mengi ya msambazaji. Baada ya REGIDESO ilikuja ELECTROGAZ. Mwaka 2008 ELECTROGAZ iligawanywa, na umeme ukaenda kwa RECO. Mwaka 2010 umeme na maji viliunganishwa tena katika EWSA. Mwaka 2014 vikatenganishwa upya: maji yakaenda WASAC, na umeme ukaenda kundi la REG, ambalo kampuni yake ya EUCL ndiyo inayotuuzia umeme hadi leo.

Majina matano, na katika kila badiliko mteja alikabidhiwa kwa mwenye nyumba mpya pamoja na mita yake. Hakuna siku aliyoulizwa amtake nani. Hali hii si ya Rwanda pekee. Nchini Uganda kampuni ya Umeme ilisambaza umeme kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza mwaka 2005. Ulipokwisha mwaka 2025, wateja walihamishiwa kwa shirika la serikali, UEDCL. Walibadilishiwa msambazaji bila wao kubadilisha.

Kuna nchi ambako mambo ni tofauti. Uingereza ilikamilisha kufungua soko la umeme wa majumbani mwaka 1999, na tangu hapo kaya inaweza kulinganisha bei na kumhama msambazaji ilhali waya ukutani ni uleule. Karibu nasi, mjini Goma, kampuni binafsi kama Virunga Energies na Nuru huuza umeme pamoja na SNEL, ingawa huko kampuni hujenga nyaya zake, na mtu huchagua kati ya zile tu zilizofika mtaani kwake. Hivyo uhuru wa kuchagua una masharti: lazima kuwe na sheria inayouruhusu, na lazima kuwe na nyaya zinazoufikisha mlangoni. Rwanda ina waya mmoja na muuzaji mmoja wa waya huo.

Hesabu ambayo kila kaya inaweza kuifanya

Je, basi hakuna cha kuamua? Kipo, na ni kikubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tangu miaka ya 1990 mita za kulipia kabla, zinazojulikana kwa jina la Cash Power, zimekuwa zikichukua nafasi ya ankara ya mwisho wa mwezi. Mteja hununua umeme, hupewa tarakimu, huziingiza katika mita. Watanzania huita mfumo kama huo LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mkulima ambaye fedha zake huja wakati wa mavuno hujiepusha na deni, lakini hubeba wajibu wa kuhesabu mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Rwanda ilileta bei za madaraja. Kwa bei zilizoanza Januari 2020, uniti 15 za kwanza katika mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja. Kuanzia hapo hadi uniti 50 kila moja ilikuwa faranga 212. Na zaidi ya 50 ilikuwa faranga 249. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Bei hubadilika, kwa hiyo someni tangazo jipya kabla ya kukokotoa. Hapa ninazitumia za mwaka huo ili kuonyesha njia.

Chukueni ua mmoja wenye kaya mbili zinazotumia mita moja, na kila kaya hutumia uniti 15. Mita haijui kwamba ndani kuna kaya mbili. Inaona uniti 30. Za kwanza 15 ni faranga 1,335, na 15 za pili ni faranga 3,180. Jumla ni 4,515, na pamoja na kodi ni karibu 5,328. Kama kila kaya ingekuwa na mita yake, kila moja ingelipa 1,335, jumla 2,670, na pamoja na kodi karibu 3,151. Tofauti ni faranga 2,177 hivi kila mwezi. Tukichukua ada ile ya faranga 56,000 kama gharama ya mita ya pili, itakuwa imerudi baada ya miezi 26. Mpangaji anayetarajia kuhama baada ya mwaka mmoja hana sababu ya kuilipa peke yake. Mwenye nyumba anayejenga ua wa wapangaji ana kila sababu. Tena ugomvi wa nani aliyepiga pasi jana utakuwa umekwisha.

Hesabu ya pili ni ya vifaa. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila siku, hula uniti 9 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya daraja la kwanza. Balbu ya LED ya wati 9, kwa saa zilezile, haifiki uniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa kila saa ya moto wake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika mita, haba na haba hukimaliza.

Hesabu ya tatu ni ya jua. Paneli ya nyumbani, inayolipiwa kwa awamu, ndiyo "msambazaji mwingine" wa kweli aliyefika vijijini. Kwa nyumba iliyo mbali na nguzo, taa na kuchaji simu vinaweza kutosha. Lakini paneli ndogo haipashi pasi wala haiendeshi friji, na katika joto la Bugarama mwenye duka la vinywaji hawezi kuishi bila friji. Kabla ya kutia saini, mtu aulize: nitalipa miaka mingapi, na betri ikifa nani ataibadilisha?

Sauti ya raia

Uamuzi wa mwisho hauko nyumbani, na ndio unaosahauliwa. Rwanda ina mamlaka ya udhibiti, RURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambayo hutangaza bei na kupokea malalamiko ya wateja. Mahali ambapo mtu hawezi kumhama muuzaji, mdhibiti ndiye ngao yake. Raia anayeweka risiti zake, anayejua daraja lake na kuandika lalamiko kwa tarehe na tarakimu, husikilizwa kuliko anayelalamika sokoni.

Maji ya Ruzizi yamekuwa yakipita kando ya Bugarama tangu kabla ya nguzo ya kwanza. Kwa miaka zaidi ya sitini wengine wameamua yatamulika wapi na kwa bei gani. Anayeijua historia hiyo hapaswi kuishia kununua tarakimu na kuziingiza kimya kimya.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako jinsi kinamasi cha Rugezi kilivyohusika na bei ya umeme.
2. Tofautisha "kubadilisha msambazaji" na "kubadilishiwa msambazaji". Kiambishi kipi kinaleta tofauti hiyo ya maana?
3. Kwa bei za mwaka 2020, kaya inayotumia uniti 40 kwa mwezi ingelipa kiasi gani kabla ya kodi?
4. Je, ungependa Rwanda iwe na wasambazaji wengi? Toa hoja moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga.