Mpiga dramu wa 1970 na reli yetu

Boom halijatoka, lakini historia haidai hela, kwa hiyo leo tupige stori.

Kuna mshkaji wangu wa Ifakara anapenda sana rock nzito, ile ya magitaa yanayonguruma na dramu za kutikisa ukuta. Anasema Bongo hatujawahi kuwa na mpiga dramu wa rock. Mimi nabisha.

Chukua mwaka 1970. Kule Birmingham, Uingereza, Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza, Bill Ward akiwa kwenye dramu. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikazaliwa bendi ya Sunburst, na mpiga dramu wake ni Johnny Rodrigues. Haikuwa metali, tusidanganyane. Ilikuwa rock iliyochanganywa na midundo ya Kiafrika, wenyewe wakauita mtindo wao Kitoto. Na mwaka huohuo tena ukaanza ujenzi wa TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, inayopita kwetu Ifakara na Mlimba.

Sasa fikiria kazi ya mpiga dramu enzi zile. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar, ikaonekana unaharibu utamaduni. Huku Bara redio ilikuwa moja tu. Na dramu si filimbi ya kutia mfukoni. Wanamuziki wengi walitumia vyombo vya mwenye bendi, bosi akigoma na vyombo vyake, kazi imeisha hapohapo.

Albamu ya Sunburst, Ave Africa, ikatoka Zambia mwaka 1976, mwaka uleule reli ilipokabidhiwa rasmi. Halafu kimya, miaka 40! Mwaka 2016 ndipo lebo ya Strut ya London ilipokusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya.

Bill Ward naye, Julai 2025, akiwa na miaka 77, alirudi kupiga na wenzake uwanja wa Villa Park, mjini kwao Birmingham, watu wamejaa pomoni. Wapiga dramu wetu wa enzi ileile wengi wamebaki jina dogo nyuma ya kava la santuri, na hapo ni yule aliyebahatika kuandikwa.

Kwa maoni yangu kilichowatofautisha si kipaji. Bonde la Kilombero lina wapigaji wa sangula ambao mkono wao hauhitaji kufundishwa na mtu. Tulichokosa ni kutunza. Reli tunaisoma darasani, tunakariri na kilomita zake, lakini waliopiga muziki miaka ileile hawamo kwenye noti zetu.

Kwa hiyo wana ualimu wenzangu, tukienda TP tuwape wanafunzi kazi hii: waulize wazee nani alipiga nini, bendi gani, mwaka gani. Na nyie wa Ifakara, Mang'ula, Kidatu na Mlimba, zile kanda na santuri za babu zilizo juu ya kabati msiwaachie panya. Andikeni majina wakati wenyewe bado wanakumbuka.

Nawahi kipindi. Tupo pamoja.