Intaneti ya polepole Nakivale: chunguza laini kabla ya kununua bando jingine

Unajaza fomu ya ufadhili wa masomo wa DAFI. Umefika mahali pa kupakia cheti, na kile kiduara kinazunguka tu. Unanunua bando jingine, nacho kinaendelea kuzunguka. Kama MB zako za kwanza hazikuwa zimeisha, umepoteza pesa: bando linaongeza kiasi, si kasi. Kabla hujatoa nauli ya kwenda Mbarara, jua kwanza tatizo liko kwenye mnara, kwenye laini au kwenye simu yenyewe.

Anza na herufi ndogo iliyo karibu na vijiti vya mtandao, maana vijiti peke yake vinadanganya. Unaweza kuwa na vijiti vinne na bado uko kwenye G au E, yaani kizazi cha pili. Kasi ya G inakaribiana na ya modemu za zamani zilizotumia waya wa simu ya mezani, ambazo hazikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo picha ya MB 3 inachukua zaidi ya dakika saba, na tovuti nyingi hazikusubiri muda huo. E ina nafuu kidogo. Ukiona H, 3G au 4G, kazi inawezekana.

Kama simu yako inashika 3G au 4G lakini imeng'ang'ania E, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, uone kama imefungwa kwenye 2G. Wengi huifunga hivyo ili betri idumu, kisha wanasahau. Kisha toka nje. Mabati huzuia mawimbi, na kilima kilicho kati yako na mnara huzuia zaidi. Kama unatumia kompyuta, weka simu dirishani, washa hotspot, nawe ukae ndani. Modemu ya USB nayo ichomeke kwa waya mrefu ili ifike dirishani.

Ikiwa bado, fanya jaribio la kubadilishana, ambalo ndilo linalomaliza ubishi. Weka laini yako kwenye simu ya jirani ambayo mtandao wake unafanya kazi vizuri, mkiwa mahali pamoja. Ikienda vizuri, ubovu uko kwenye simu yako. Ikiwa polepole na kule, wakati laini ya jirani ya kampuni hiyohiyo inakimbia, ubovu uko kwenye laini yako. Huenda ni ya zamani na haishiki 4G. Na kama majirani wote wa kampuni hiyo wanalalamika, ni mnara. Usimwachie mtu laini yenye pesa zako, na namba ya siri usimtajie yeyote.

Laini ikihitaji kubadilishwa, ndipo wengi wanakwama, kwa sababu iliandikishwa kwa jina la mtu mwingine aliyekwisha kuhama. Tangu 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda inaruhusu mkimbizi kuandikisha laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya familia, zote zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Kama una hati hizo na laini si ya jina lako, shughulikia jambo hilo sasa, kabla haijaharibika. Namba uliyoiacha kwenye faili lako ndiyo utakayopigiwa kuhusu mahojiano au matibabu.

Tatizo la mnara huwezi kulitengeneza wewe. Piga huduma kwa wateja ya kampuni yako, utaje eneo lako kwa usahihi (Juru, Rubondo au Base Camp, pamoja na kijiji), saa tatizo lilipoanza na herufi unayoiona. Wakipiga wengi, ni bora zaidi.

Kama siku ya mwisho ya fomu imekaribia, usingoje jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Amka alfajiri, zima programu zinazojisasisha zenyewe, na kama una laini mbili, zima ile usiyoitumia ili simu isiingie katikati ya kazi. Picha ya cheti itume kwanza kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kisha uihifadhi upya. Itarudi ikiwa nyepesi zaidi. Ifungue uhakikishe jina na alama bado zinasomeka kabla ya kuipakia.