Kipando Kilichorudi: Historia ya Muhogo Unaostahimili Batobato kutoka Amani hadi Teso

Katika maandishi mengi kuhusu teknolojia na uzalishaji wa chakula vijijini barani Afrika, habari husimuliwa kwa mwelekeo mmoja. Maarifa huzaliwa katika kituo cha utafiti, hubebwa na mgani hadi kijijini, kisha kaya ya mkulima huyapokea au huyakataa. Makala haya yanafuata historia ya ukoo mmoja wa muhogo ambao haukubali kuwekwa ndani ya masimulizi hayo. Ulianza safari yake Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ukafika Ibadan nchini Nigeria, na baada ya karibu miaka 40 ukarudi Afrika Mashariki wakati mashamba ya Teso, mashariki mwa Uganda, yalikuwa yamekwisha kukauka. Mwana mmoja wa ukoo huohuo hakuihitaji safari hiyo: alibaki katika mashamba ya pwani ya Kenya na Tanzania, akiitwa kwa majina ambayo hayakuwamo katika daftari lolote la watafiti. Mwandishi si mtaalamu wa mimea. Kilichomvuta kwenye mada hii ni majina.

Muhogo wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioleta zao hilo katika pwani zote mbili za Afrika. Namna ulivyoingia bara inaonekana katika lugha. Waganda huuita muwogo na Wateso emwogo, maumbo yanayoonyesha kwamba zao na jina lake vilipanda pamoja kutoka upande wa Waswahili. Rwanda na Burundi jina ni jingine kabisa, imyumbati, lakini mboga ya majani yake huitwa isombe, neno lililo jirani na sombe la Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Pwani mboga hiyo ni kisamvu. Msamiati wa chungu kimoja cha mboga, kwa hiyo, unatosha kutuonyesha kwamba muhogo haukuingia katika eneo hili kwa mlango mmoja.

Tawala za kikoloni zilikuta zao hilo limekwisha kupokewa na zikaligeuza kuwa amri. Katika Uganda na Tanganyika sheria ndogo zilitaka kila kaya iwe na sehemu ya shamba la muhogo kama akiba ya njaa, kwa kuwa mizizi yake hukaa ardhini muda mrefu na huvumilia ukame. Mkazi aliyepuuza alitozwa faini. Jambo hili halina budi kukumbukwa na washauri wa sera, kwa sababu wazee waliokuwa wakiambiwa mwaka 1993 kwamba kuna muhogo mpya wa serikali walikuwa na kumbukumbu ya muhogo wa serikali uliotangulia.

Amani na mti wa mpira

Ugonjwa unaohusika hapa uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mimea ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Kiswahili huuita batobato, neno linalouchora ugonjwa kama unavyoonekana: jani lina mabaka ya kijani na njano, limejikunja, na limekuwa dogo. Husababishwa na virusi vinavyosambazwa na inzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapokata pingili katika shina lililougua na kuipanda kwingine.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikawa chini ya Waingereza, na katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols wakaanza kutafuta muhogo ambao ungestahimili batobato. Mihogo ya kawaida haikuwapa kinga ya kutosha, wakageukia jamaa zake wa porini. Aliyewafaa zaidi alikuwa Manihot glaziovii, mti wa Brazili ambao Wajerumani walikuwa wameupanda kwa wingi kwa ajili ya utomvu kabla ya bei ya mpira kuporomoka mwaka 1913. Mashamba hayo yalipoachwa, miti ilibaki. Wenyeji waliuita mpira, wakachuma majani yake, na hata leo kisamvu cha mpira kinapikwa Tanzania. Zao la biashara lililoshindwa likawa mboga jikoni, na baadaye hazina ya kinga kwa wazalishaji wa mbegu. Ni vigumu kufikiria mpango wa maendeleo ambao ungeandika hatua hizo tatu kwa mfuatano huo.

Chotara wa kwanza alistahimili ugonjwa lakini mizizi yake haikufaa kitu. Ilibidi achavushwe na muhogo wa kawaida, na watoto wake tena, na wajukuu tena, hadi ikapatikana mimea yenye kinga ya mti wa porini na mizizi ya muhogo wa kuliwa. D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950. Miongoni mwa mimea iliyotokana nayo, miwili inatuhusu, na yote miwili ilipewa namba tu: 5318/34 na 46106/27.

Utawala wa Uganda nao ulipokea vipando kutoka Amani. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, aina zinazostahimili zilisambazwa na sheria ndogo zikalazimisha kung'oa mimea iliyougua. Batobato ikapungua. Kufikia mwishoni mwa muongo huo kazi ya muhogo pale Amani ilikuwa imekoma. Tatizo lililopungua huonekana kama tatizo lililokwisha, na fedha huondoka kabla ya ugonjwa.

Kilichookoka ni kile kilichokuwa kimekwisha kutumwa nje. Mbegu za 5318/34, mbegu halisi za kwenye tunda na si pingili, zilipelekwa Moor Plantation, Ibadan. Kutoka humo ukachaguliwa mmea 58308. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967, na mtafiti S. K. Hahn kujiunga nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, mmea huo ulitumiwa kuwa mzazi wa aina zenye herufi TMS ambazo zilienea nchi nyingi za Afrika.

Teso, 1988 hadi 1994

Mwaka 1988 batobato ya namna isiyozoeleka ilionekana kaskazini mwa Luwero, katikati ya Uganda. Baadaye, mwaka 1997, ilithibitishwa kwamba virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa kingine kikali zaidi. Ugonjwa ulisonga mbele takriban kilomita 20 kwa mwaka, kama moto wa nyika unaotembea polepole.

Ulifika Teso wakati mbaya kuliko wote. Wateso walikuwa wafugaji na wakulima wa plau tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakilima wimbi, mtama na pamba kwa kukokotwa na maksai. Katika miaka ya 1980 uvamizi wa mifugo na vita vya ndani vilivyoanza 1987 viliwanyang'anya ng'ombe karibu wote. Bila maksai, plau ni chuma tu. Kaya zilirudi kwenye jembe la mkono, na kwa jembe la mkono zao linalotoa chakula kingi kwa kazi kidogo ni muhogo. Aina iliyopendwa zaidi iliitwa Ebwanateraka. Unga wake, uliochanganywa na wimbi au mtama, ndio uliosongwa kuwa atap, chakula ambacho bila hicho Mteso hahesabu kuwa amekula. Ebwanateraka haikuwa na kinga. Ilipokauka, hapakuwa na ng'ombe wa kuuza wala plau ya kulimia kitu kingine, na mwaka 1993 na 1994 njaa ikaua watu.

Ndipo aina za Ibadan zilipoidhinishwa rasmi. TMS 60142, TMS 30337 na TMS 30572 zilitolewa kwa wakulima mwaka 1993 kwa majina NASE 1, NASE 2 na NASE 3, ufupisho wa Namulonge na Serere, vituo viwili vya utafiti. Mpango wa taifa wa muhogo, ukiongozwa na G. W. Otim-Nape, ulifanya kazi na tawala za wilaya, mashirika ya kiraia, makanisa, shule na vikundi vya wanawake kuzalisha vipando. Wakulima hawakulihangaikia sana jina NASE 3. Waliuita muhogo huo Migyera, jina la mji mdogo wa Nakasongola kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu. Mtu akikuambia amepanda Migyera, amekuambia pia mbegu ilikotoka.

Hapa neno kupokea, ambalo ripoti zetu za Kiswahili hulitumia kila mara, linaanza kutupotosha. Pingili ya muhogo si mbegu ya mahindi. Ni kubwa, hukauka baada ya siku chache, na shina moja hutoa vipande vichache tu. Mfanyabiashara hana faida kubwa ndani yake, na mkulima akishaipanda hana haja ya kurudi dukani. Kwa hiyo aliyepewa mzigo wa pingili ndiye aliyekuwa kiwanda na muuzaji na mgani wa awamu iliyofuata: alimpa shemeji, dada aliyeolewa kijiji cha pili, jirani wa kanisani. Takwimu za upokeaji huhesabu walio na kipando shambani. Aliyekata shina lake na kuligawa kabla hajashiba mwenyewe hana safu yake katika dodoso.

Ugonjwa uliovuka mpaka Uganda ulifika magharibi mwa Kenya, Kagera, Rwanda, Burundi na Kongo, na vipando vya ukoo uleule vikaufuata.

Majina mawili, mmea mmoja

Mwaka 2004 michirizi ya kahawia ilionekana tena Uganda. Huu ni ugonjwa ambao Storey aliueleza kutoka Amani mwaka 1936, na kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa wa nyanda za chini za pwani. Ubaya wake ni kwamba jani linaweza kuonekana zima huku mzizi ukiwa umeoza ndani. Mkulima aliyejifunza kuitambua batobato kwa macho anakutwa hana silaha, na aina nyingi zilizoiokoa Teso hazikuwa na kinga dhidi ya ugonjwa huu. Watafiti wakaanza kutafuta upya.

Mmea mmoja uliowavutia ulikuwa mikononi mwa wakulima wa Tanzania kwa jina Namikonga. Mwingine ulilimwa pwani ya Kenya kwa jina Kaleso. Vinasaba vilionyesha kwamba ni mmea mmoja, na kwamba ni 46106/27 wa Amani. Kaya za pwani zilikuwa zimeukata na kuupanda, msimu kwa msimu, kwa zaidi ya miaka 40 baada ya kazi iliyouzaa kufungwa, kwa sababu ulikuwa na mizizi isiyooza. Hakuna aliyewalipa kutunza hazina hiyo, na katika fomu za wagani muhogo huo ungeandikwa wa kienyeji, neno ambalo katika fomu hizo lina maana ya kitu kinachongoja kubadilishwa.

Tangu hapo Uganda imetoa aina nyingine, ikiwemo NASE 14 mwaka 2011. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 umeonyesha kwamba vipande vya urithi wa mti wa mpira bado vimo ndani ya mihogo mingi ya Afrika. Lakini orodha rasmi za aina za mazao katika nchi zetu bado huandika namba ya kituo na jina la kuidhinishwa, mara chache sana jina la kijijini, na karibu kamwe jibu la swali ambalo mkulima yeyote angelijibu akiulizwa: kipando hiki ulikipata kwa nani? Uganda iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Jumuiya ya Afrika Mashariki inakitumia. Safu mbili za ziada katika orodha hizo, moja ya majina ya wakulima na nyingine ya njia kipando kilikopitia, zingejazwa kwa lugha ambayo mgani wa Kilifi, wa Mtwara na wa Soroti wanaweza kuisoma bila mfasiri, na Kaleso na Namikonga wangekutana kwenye karatasi kabla ya kukutana maabara.