Bajeti ya Nyumba ya Magurudumu

Katika miaka ya 1920 wenyeji wa Florida walikuwa na utani kuhusu wageni waliomiminika kwao kila msimu wa baridi, mahema yamefungwa ubavuni mwa magari. Mgeni wa namna hii, walisema, hufika na shati moja na noti moja ya dola 20, na huondoka bila kubadilisha hata kimoja. Wageni wenyewe walikuwa na chama chao, kilichoanzishwa Tampa mwaka 1919, wakajiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo. Chakula chao kingi kilitoka kwenye makopo, na alama ya uanachama ilikuwa kopo lililochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Utani ule mimi nausoma kama bajeti: nguo sifuri, chakula cha kopo, malazi sifuri, na akiba isiyoguswa.

Mwaka huu nimeisoma historia hii kuliko nilivyosoma vitabu vya tasnifu yangu, na sababu ni fedha. Nasoma shahada ya uzamili ya historia jimboni Arizona. Chumba changu ni dola 850 kwa mwezi pamoja na umeme, maji na intaneti, na hiyo ni zaidi ya nusu ya posho yangu. Mwenzangu wa nyumba, Mkenya aliye mkazi wa kudumu wa Marekani, alikuja na wazo: mkataba ukiisha, tununue gari-nyumba kuukuu, lile Wamarekani wanaloliita RV, lenye kitanda, jiko na choo ndani, tuishi humo mwaka mzima. Alikuwa ameshafungua jedwali kwenye kompyuta. Mstari wa kwanza uliandikwa "Kodi ya nyumba", na mbele yake ameweka sifuri. Sifuri hiyo ndiyo iliyonipeleka maktaba.

Iliwahi kuwapo kweli, ila haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 miji mingi ya Marekani ilikuwa na kambi za bure kwa wasafiri wenye magari: maji, vyoo, mahali pa kuwasha moto. Wenye maduka walizipenda, kwa kuwa mgeni angenunua petroli na mkate mjini. Lakini gari lilikuwa likizidi kushuka bei. Kufikia 1925 Ford Model T ya bei ya chini kabisa iliuzwa dola 260, na waliofika kambini hawakuwa tena wenye likizo peke yao. Walikuja vibarua wa mashambani na familia zinazotafuta kazi. Miji ikaanza kutoza ada, mara nyingi senti 50 hivi kwa usiku, na kuweka kikomo cha siku za kukaa. Ada ilisaidia kusafisha vyoo, na ilisaidia pia kuchuja watu. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miji ile haikutaka mgeni wa aina hiyo hata akiwa na jembe lake mkononi.

Basi mstari wa kwanza wa bajeti ya nyumba ya magurudumu ni mahali pa kuegesha, nao ulizaliwa pamoja na swali la nani anakubalika kuegesha.

Mdororo Mkuu uliongeza uzito wa swali hilo. Trela za kukokotwa nyuma ya gari zilipata umaarufu mkubwa kiasi kwamba mchumi Roger Babson alitabiri kuwa ndani ya miaka 20 nusu ya Wamarekani watakuwa wanaishi ndani yake. Zilikuwapo za kila aina. Airstream Clipper ya 1936, inayong'aa kwa alumini, iliuzwa dola 1,200, fedha ambazo wafanyakazi wengi hawakuzipata kwa mwaka mzima. Wengine walijitengenezea kwa mbao nyuma ya nyumba. Mwaka huohuo wa 1936 mahakama moja ya Michigan iliamua kwamba trela iliyoegeshwa kwenye kiwanja na kukaliwa na watu ni nyumba, hata kama ina magurudumu, na kwa hiyo lazima itimize masharti ya ujenzi ya mahali hapo. Aliyedhani magurudumu yanamtoa kwenye sheria za nyumba aligundua kwamba sheria inamtazama anayelala ndani kuliko inavyotazama kilicho chini ya sakafu.

Upande wa mapato nao una tarehe zake. Huwezi kupanga bajeti ya mwezi kama fedha haziji kila mwezi, na kwa kibarua wa msimu zilikuja wakati wa mavuno tu. Sheria ya hifadhi ya jamii ilitiwa saini Agosti 1935, na hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitolewa tarehe 31 Januari 1940 kwa Ida May Fuller wa Vermont. Ilikuwa ya dola 22 na senti 54. Hundi ya aina hiyo haimfungi mtu kwenye kiwanda wala shamba. Humfuata popote barua zinapomfikia. Baada ya Vita vya Pili, wastaafu wenye hundi hiyo na pensheni ya kazini walikuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza walioweza kukaa barabarani mwaka mzima na bado wakajua mwezi ujao wataingiza kiasi gani.

Waliofuata baada ya anguko la soko la nyumba la 2008 walikuwa na hundi ileile, ila haikutosha. Mwaka huo kampuni ya Amazon ilianzisha mpango wa CamperForce, ulioajiri kwa msimu watu wanaoishi kwenye magari, wengi wao wazee, kufungasha mizigo ghalani kuelekea Krismasi. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuata watu wa aina hii na kuandika kitabu Nomadland, kilichotoka 2017 na baadaye kikawa filamu iliyoshinda Oscar ya filamu bora. Wazee wale hawakuwa wamechoka na nyumba zao. Walikuwa wamepiga hesabu, wakaona kwamba kati ya gharama zote kubwa kodi ndiyo pekee wanayoweza kuikata. Chakula hakikatwi, dawa hazikatwi.

Mstari wa mafuta hauna adabu kabisa, maana bei yake hupangwa mbali. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilipoanza Oktoba 1973, wastani wa galoni moja ya petroli Marekani ulipanda kutoka senti 39 hivi mwaka huo hadi senti 53 mwaka 1974. Foleni zilijaa vituoni, na viwanda vya magari-nyumba vikapata pigo kubwa. Juni 2008 galoni ilivuka dola 4. Juni 2022 ilivuka dola 5. Gari-nyumba kubwa huenda maili 10 hivi kwa galoni, wakati mwingine pungufu. Ukitembea maili 500 kwa mwezi unahitaji galoni 50. Kwa dola 3.50 hiyo ni dola 175, na kwa dola 5 ni dola 250. Katika nyumba ya kawaida vita vya mbali hupandisha bei ya nauli na unga. Katika nyumba ya magurudumu hupandisha na bei ya nyumba yenyewe. Ndiyo maana wakaaji wa muda mrefu hutembea kidogo kuliko unavyodhani: wanahamisha nyumba kwa misimu, kama wafugaji, na katikati wanatulia.

Mahali maarufu pa kutulia pako jimboni kwetu. Karibu na mji mdogo wa Quartzsite, katika jangwa la magharibi ya Arizona, serikali kuu ina ardhi inayoruhusu kukaa kwa msimu mrefu, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima kilikuwa dola 180. Igawe kwa miezi saba: inakuwa chini ya dola 26 kwa mwezi. Hakuna umeme wa kuchomeka, hivyo unahitaji sola au jenereta, na maji unayajaza kwenye tangi. Kwingineko katika ardhi ya umma kukaa ni bure, lakini kwa kawaida siku 14 tu, kisha uhame. Mwenzangu alipoiona hesabu ya Quartzsite alifurahi mno. Nilimkumbusha kwamba darasa langu na kazi yake viko Phoenix, kilomita 200 kutoka pale.

Tukarudi kwenye jedwali. Haya ni makadirio yetu ya watu wawili kwa mwezi: bima 120, matengenezo 200, mafuta 175, bando la intaneti 90, gesi ya kupikia 40, kufua na kuoga nje 40, anwani ya barua 20. Jumla 685. Gari la dola 18,000 likitumika miaka mitano ni dola 300 kwa mwezi. Ukiongeza dola 26 za jangwani, kila mmoja wetu angelipa kama 505. Ukiongeza dola 650 za eneo la kuegesha lenye maji na umeme karibu na mji, kila mmoja angelipa 818. Tofauti na chumba changu cha sasa ni dola 32. Kodi aliyoiandika sifuri ilikuwa imetawanyika, kipande hapa kipande pale, kila kimoja na jina lake.

Zaidi ya hayo kuna dola 20 za anwani, mstari mdogo uliobeba mambo mengi. Benki, bima, leseni ya udereva, kura: vyote vinauliza unaishi wapi. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha Escapees kwa ajili ya watu wanaoishi barabarani, na makao yake ya Livingston, Texas, huwapokelea wanachama barua na kuwapa anwani. South Dakota humpa msafiri wa kudumu leseni akionyesha risiti ya kulala usiku mmoja ndani ya jimbo. Kwa mwenzangu hilo linatosha. Kwangu halitoshi. Mwanafunzi mwenye viza kama yangu anatakiwa kutoa taarifa ya mahali anapoishi ndani ya siku 10 tangu ahame, na sanduku la posta halihesabiki kuwa mahali pa kuishi. Wakati wa masomo naruhusiwa kufanya kazi chuoni tu, saa 20 kwa wiki, hivyo kazi za msimu za ghalani au za kulinda kambi si zangu. Jedwali ni moja, lakini lingetuweka katika nchi mbili tofauti.

Hilo nalo lina historia, na sehemu yake ilipita kwetu. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa trela zipatazo 40 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita Uganda, Kenya na Ethiopia. Kenya ya mwaka 1959 ilikuwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa 1952, na Mkikuyu alihitaji pasi kutoka eneo lake. Huko Marekani kwenyewe msafiri mweusi alibeba Green Book, kitabu kilichochapishwa kuanzia 1936 hadi miaka ya 1960, ili ajue ni hoteli gani na kituo kipi cha mafuta kitampokea. Gharama ya kuzunguka ili kufika mahali salama haikuandikwa popote, lakini ililipwa kwa petroli na usingizi.

Leo mstari huo unaitwa faini. Los Angeles ilikuwa na sheria ya 1983 iliyokataza kuishi ndani ya gari. Mahakama ya rufani iliitupa mwaka 2014 kwa kuwa haikueleweka inakataza nini hasa. Kisha Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje katika maeneo ya umma hata wakiwa hawana pa kwenda. Mstaafu mwenye gari-nyumba jipya ataegesha panapolipiwa. Mpishi wa mgahawa anayelala kwenye gari kuukuu kando ya barabara ndiye atakayeamshwa na tochi.

Kwa hiyo, kama nawe una jedwali, lipange kwa mpangilio ambao historia hii inaufundisha. Anza na anwani, kwa sababu ndiyo inayoamua kama una haki ya kuwa popote. Kisha mahali pa kuegesha, kwa miezi yote 12, si ile saba ya bei rahisi. Kisha mapato ambayo sheria inakuruhusu kuyapata. Weka mafuta kwa bei ya mwaka mbaya, na tenga fedha za fundi kabla gari halijaharibika. Rangi ya mapazia ije mwisho. Mwenzangu amelipanga hivyo, na amepata nafasi ya kuegesha uani kwa rafiki yake kwa dola 300, na choo juu. Mimi nimetia saini mkataba wa mwaka mwingine.