Upenyo wa Milimita Moja na Nusu: Gobore, Risasi na Anguko la Isike

Wilayani Igunga, mkoani Tabora, kuna kata inaitwa Ziba. Sisemi jina hilo lina uhusiano na bunduki, ila kuziba ndiko kunakotuhusu leo. Historia ya bunduki kwa sehemu kubwa ni historia ya kuziba, yaani kuizuia gesi ya baruti isitoroke pembeni mwa risasi. Kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, hilo lilikuwa suala la kufa na kupona.

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili, risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na ni hilohilo jina la metali yenyewe, ile yenye alama ya Pb kwenye jedwali la elementi. Ni metali nzito (gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo), laini, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu. Moto wa mkaa unatosha kabisa. Shaba inataka nyuzijoto 1,085. Ndiyo maana mtu aliweza kujitengenezea risasi nyumbani: yeyusha, mimina kwenye kalibu, subiri ipoe.

Gobore linavyovuja

Gobore hujazwa kupitia mdomoni. Unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Ili risasi ipite hata mtutu ukiwa na masizi, lazima iwe ndogo kuliko mtutu. Chukua bunduki ya zamani ya Waingereza, Brown Bess: mtutu wake una kipenyo cha kama milimita 19, risasi kama 17.5. Tofauti ni milimita moja na nusu. Unaona ndogo? Piga hesabu ya maeneo: 17.5 kipeo cha pili gawanya kwa 19 kipeo cha pili, unapata 0.85. Yaani karibu asilimia 15 ya njia iko wazi! Gesi inapita hapo bila kufanya kazi, na risasi inatoka ikigongagonga kuta za mtutu. Kitambaa au karatasi iliyoshindiliwa pamoja na risasi hupunguza uvujaji, lakini haiumalizi.

Kwa mtu aliye umbali wa hatua hamsini, gobore ni silaha ya kutisha. Mirambo wa Urambo aliwasumbua wafanyabiashara Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 hadi 1875 na kuifunga njia ya Ujiji, huku magobore yakiwa silaha ya kawaida ya pande zote mbili. Ila kadiri umbali unavyoongezeka, kulenga kunageuka kuwa bahati nasibu.

Dawa ya uvujaji

Dawa ilikuwa kuchonga mifereji ya msokoto ndani ya mtutu, risasi izunguke na kwenda moja kwa moja. Hapo inabidi risasi iibane mifereji barabara. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi yenye shimo kwenye kitako, ndani yake kikombe kidogo cha chuma. Baruti ikilipuka, kikombe kinasukumwa mbele, kitako kinatanuka, njia inazibika. Baadaye Wajerumani, kwa bunduki yao ya Mauser ya 1871, waliizungushia risasi karatasi.

Kasi ilipozidi kupanda likaja tatizo jingine. Risasi haikai ndani ya mtutu muda wa kutosha kuyeyuka yote. Kinachotokea ni kwamba gesi ya moto ikipata upenyo mdogo kwenye kitako, inapita kwa nguvu na kukwangua metali laini, kisha makombo yanaganda kwenye mifereji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahunzi wa risasi Marekani wakaanza kuvisha kitako kikombe chembamba cha shaba. Ni akili nzuri: metali ngumu inakaa pale penye moto, iliyobaki inabaki laini. Kwa kasi ndogo hakina umuhimu. Kwa kasi kubwa kinaokoa mtutu.

Sasa jiulize: shaba ilikosekana Unyamwezi? Hata kidogo. Wayeke wa Msiri, waliotoka huku magharibi mwa Tanzania, walitawala shaba ya Katanga na walijua kuivuta hadi ikawa waya. Malighafi ilikuwepo na ufundi ulikuwepo. Lakini kikombe cha shaba ndani ya mtutu usio na mifereji hakikusaidii kitu. Kilichokosekana ni mtutu.

Sheria ya kulinda upenyo

Na mtutu huo ulizuiwa kwa makusudi. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake walipiga marufuku kuingiza bunduki za mifereji katika eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa masharti makali. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni gobore la gumegume lisilo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Soma tena kama mwanafizikia: ile asilimia 15 inayovuja iliandikwa kwenye sheria.

Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani katika mazingira hayo. Mwaka 1892 aliwarudisha nyuma, kwa hiyo tusiseme kwamba silaha peke yake iliamua kila kitu. Januari 1893 Tom von Prince aliivamia ngome yake na kuiteka. Isike akalipua ghala lake la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani, kuliko kukamatwa.

Miaka 21 baadaye kibao kiligeuka. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani hapa walikuwa bado na ile Mauser ya 1871, ambayo moshi wake mzito ulionyesha kila aliyefyatua yuko wapi. Wapinzani wao walikuwa na baruti isiyo na moshi, na risasi zilizovikwa ganda la metali ngumu. Tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora.