Mgando wa Stenti

Stenti ni kibomba cha wavu wa metali kinachopenyezwa kwenye mshipa wa moyo uliosinyaa, kikatanuliwa kwa puto na kuachwa humo. Daktari Jacques Puel aliweka ya kwanza moyoni mwa binadamu mjini Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986. Neno lenyewe limekwishazoeleka. Kinachodai istilahi ni madhara yake.

Makubwa ni mawili. Kwanza, tishu hukua taratibu ndani ya wavu, njia ya damu ikawa nyembamba na maumivu ya kifua yakarudi baada ya miezi. Huo tuuite msinyao rejea. Pili, damu huganda juu ya stenti na kuufunga mshipa ghafla: huo ndio mgando wa stenti. Tukisema tu kwamba stenti “imeziba”, tumeyachanganya, ilhali msinyao kwa kawaida humrudisha mgonjwa kliniki, na mgando humleta na mshtuko wa moyo, akifika hai.

Stenti zenye dawa, kama Cypher iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, zilipunguza sana msinyao. Lakini dawa inayozuia tishu kukua huchelewesha pia utando wa mshipa kuufunika wavu, na damu huweza kuganda juu ya wavu uliobaki wazi. Mwaka 2006, katika kongamano la madaktari wa moyo mjini Barcelona, ilidaiwa kuwa stenti hizo zinaongeza migando inayotokea hata baada ya mwaka. Ubishi haukuamulika kirahisi, kwani tafiti zilihesabu kwa fasili tofauti. Mgonjwa aliyefia nyumbani siku ya 20, bila uchunguzi wa maiti, huku alihesabiwa, kule aliachwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani na Ulaya walichapisha vigezo vya pamoja. Kwa vigezo hivyo, mgando wa hakika ni ule uliothibitishwa kwa picha ya mishipa au uchunguzi wa maiti. Kifo kisichoelezeka ndani ya siku 30 kiliingizwa kwenye mgando wa yamkini. Baada ya hapo, wa kudhaniwa. Kwa wakati, kuna wa mapema hadi siku 30, wa kuchelewa hadi mwaka, na wa kuchelewa sana zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ufuatiliaji wa usalama wa stenti hauishii mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Ni wa miaka.

Nawe uliyewekewa stenti, usiache aspirini wala klopidogreli, dawa zinazozuia mgando huo, kwa sababu umepata nafuu au unakwenda kung’oa jino. Muulize kwanza daktari wako wa moyo.