Kalemie: mwezi wa ziwani na mwezi wa ubaoni

Mtoto wa Kalemie anapoingia darasa la kwanza, mwezi anaujua tayari. Anajua kwamba usiku wa giza taa za wavuvi zinajaa ziwani, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, ndakala wanakuwa wachache sokoni na bei inapanda. Ndakala hufuata mwanga. Kwenye giza, taa inawakusanya juu ya wavu. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga na taa haina nguvu.

Elimu hiyo ni ya zamani kuliko shule. Kabla ya taa za petroli na za betri, wazee waliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Wao pia walihesabu siku za giza. Wafanyabiashara Waislamu waliovuka kutoka Ujiji na kushukia Mtowa, kaskazini ya mji wetu, walikuwa na hesabu yao: mwezi mwandamo ndio uliofungua Ramadhani.

Shule ya wamisionari ilileta hesabu nyingine. Émile Storms alijenga Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1883. Mwaka 1885 Mapadri Weupe waliipokea. Pamoja na katekismu ilikuja kalenda, yenye miezi ya siku 28 hadi 31. Mwezi wa angani unakamilisha mzunguko kwa siku 29 na nusu, kwa hiyo tarehe ya kalenda haimwambii mvuvi usiku gani ni wa giza. Kiswahili kinaita vyote viwili mwezi. Kifaransa kinatenganisha: lune na mois. Mwaka 1962 Kifaransa kilipowekwa kuwa lugha ya shule tangu darasa la kwanza, mtoto alijifunza maneno mawili mapya kwa kitu alichokwisha kukijua kwa jina moja.

Lakini kwangu mimi, mchoro ulipotosha kuliko lugha. Kuna kanuni maarufu ya Kifaransa: nusu ya mwezi ikifanana na herufi p ni premier quartier, ikifanana na d ni dernier quartier. Ni kweli Paris na Brussels. Kalemie iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na hapa mwezi mchanga, jioni unapozama, mara nyingi unalala chali, ncha zote mbili juu, kama mtumbwi. Hakuna p wala d. Mtoto anayechora alichokiona jana jioni anaweza kukatwa pointi, na anayenakili kitabu akapewa zote.

Hata habari kubwa ya mwezi ilitufikia kutoka mbali. Albertville ilikuwa na miaka mitatu tu tangu iitwe Kalemie pale Armstrong na Aldrin walipokanyaga mwezini, Julai 1969. Oktoba mwaka huohuo walifika Kinshasa pamoja na Collins, ziara ya heshima. Ziwani, wavuvi waliendelea kungoja giza.

Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa shuleni. Basi mwalimu anaweza kuanza kwa Kiswahili, na kwa yale watoto wanayoyaona: kila mmoja achore mwezi jioni kwa siku 30, na pembeni aandike kama taa zilionekana ziwani. Baada ya mwezi kujaa, kila usiku unachelewa kuchomoza, kwa wastani dakika 50 hivi. Mtoto wa mvuvi atawaeleza wenzake kwa nini taa zinarudi mapema jioni, hata kabla mwezi haujaisha.